Tarime na Serengeti: Tusimamie nyasi kabla ya kusaka kiberiti

Kila kiangazi kinapokaza katika wilaya za Tarime na Serengeti, moshi hupanda upande wa hifadhi na kauli zile zile hurudi: ni marufuku kuchoma moto, atakayekamatwa atachukuliwa hatua kali, wananchi wawafichue wahalifu. Hakuna anayetetea moto kichaa. Huo huteketeza mazizi, mizinga na mashamba, humaliza malisho ya miezi mitatu kwa mchana mmoja, na huua watu. Ila kauli hizo zina upungufu ambao umedumu tangu enzi za mkoloni: zinamtazama mwenye kiberiti, haziangalii nyasi. Kiberiti huamua saa ya kuanza tu. Nyasi ndizo zinazoamua moto utakwenda umbali gani, utawaka kwa ukali gani na utazimika lini. Makala haya yanatetea jambo moja: katika wilaya hizi mbili moto usimamiwe kupitia nyasi, kwa kalenda moja inayopangwa na hifadhi pamoja na vijiji, ambamo baadhi ya maeneo huchomwa mapema kwa makusudi, mengine huachiwa mifugo na wanyama walishe, na mengine hayaguswi na moto kabisa.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mvua ya Serengeti hailingani kila mahali. Nyanda za kusini-mashariki, karibu na Ngorongoro, hupata takribani milimita 500 kwa mwaka, na nyasi zake ni fupi. Kadiri unavyosogea kaskazini-magharibi, kuelekea Mugumu, Mto Mara na eneo la Lamai linalopakana na Tarime, mvua hupita milimita 1,000 na nyasi hufika kiunoni mwa mtu mzima au zaidi. Masika yakiisha, nyasi hizo husimama zikikauka mpaka mvua za vuli zirudi. Huo ndio mrundikano wa kuni ulioko mlangoni mwa vijiji vya mpakani, na haukuletwa na mtu. Radi katika nchi hii huja pamoja na mvua, kwa hiyo moto wa radi ni nadra. Karibu moto wote huwashwa na binadamu. Wapo wafugaji wanaotaka majani mabichi na kupunguza kupe, warina asali, wakulima wanaosafisha mashamba, na majangili wanaotaka kuona mbali. Wapo pia askari wa hifadhi wenyewe, kwani kuchoma mapema baada ya masika ni sehemu ya usimamizi wa Hifadhi ya Taifa Serengeti. Wananchi wa mpakani wanauona moto huo wa hifadhi kila mwaka, na ndiyo sababu marufuku ya jumla huwafikia kama sheria ya upande mmoja.

Nyasi za nchi hii hazina ugomvi na moto. Aina iliyotapakaa sana, ambayo wataalamu huiita Themeda triandra, huweka macho yake ya kuchipulia chini kabisa kwenye kitako cha shina, usawa wa udongo. Moto wa nyasi hupita haraka, joto lake kali hupanda juu, na sentimita chache chini ya ardhi hali haibadiliki sana. Mbegu yake ina mkia mrefu mweusi uliopinda, ambao hujisokota unapokauka na kujinyoosha unapoloa, ukiisukuma mbegu kidogo kidogo mpaka izame ardhini. Nyasi hizo zikikaa miaka kadhaa bila kuliwa wala kuungua, mabua makavu huzifunika, mwanga hukosekana na machipukizi hudumaa. Moto ukipita penye unyevu uliobaki ardhini, huota majani mafupi yenye protini nyingi, na wanyama huyafuata. Stephanie Eby na wenzake, katika utafiti waliofanya Serengeti na kuuchapisha mwaka 2014, walionyesha kuwa wanyama wala majani wenye miili midogo, kama swala tomi, huvutwa na maeneo yaliyoungua kuliko wenye miili mikubwa. Utafiti wao mwingine wa mwaka 2013 uliona kuwa simba hupunguza kutumia maeneo hayo, ambako maficho ya kuvizia huwa yameteketea. Moto mmoja, basi, humfaa mnyama huyu na kumnyima yule. Kinachotakiwa ni mchanganyiko wa vipande vilivyoungua na visivyoungua, jambo ambalo moto mmoja mkubwa wa Septemba hauwezi kulitoa.

Kwa miti hesabu ni nyingine, na hapo ndipo wakati wa kuchoma unapokuwa na uzito. Mgunga mchanga ulio chini ya mita mbili au tatu, moto mkali ukiupitia, hufa sehemu ya juu na kuchipua tena kutoka mizizini. Mwaka unaofuata ukiungua tena, hurudi chini tena. Unaweza kukaa hivyo miaka mingi, una mizizi ya mti mzima na kimo cha mtoto, mpaka upate miaka michache ya nafuu uvuke kimo cha miale ya moto. Sasa linganisha nyakati mbili. Moto wa Juni, umewashwa alasiri jua likielekea kutua, unakutana na nyasi ambazo chini bado zina ubichi. Miale yake hufika magotini, huruka vipande vyenye unyevu, na umande wa usiku huuzima wenyewe. Moto wa Septemba, umewashwa mchana upepo ukivuma, unakutana na nyasi zilizokauka mpaka shinani. Miale hupita kichwa cha mtu, cheche huruka barabara, na moto huingia hata kwenye misitu ya kando ya mito ambayo haikuumbwa kuungua. Ardhi ni ile ile na kiberiti ni kile kile. Kilichobadilika ni hali ya nyasi.

Wenyeji wa nchi hii walilijua hilo kabla hifadhi haijachorwa kwenye ramani. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, ambao masimulizi yao yalikusanywa na mwanahistoria Jan Bender Shetler katika kitabu chake cha mwaka 2007, waliwinda, walilima na kufuga katika eneo lile lile, na moto ulikuwa mojawapo ya zana zao za kuiweka nchi wazi. Janga la sotoka la miaka ya 1890 liliua sehemu kubwa sana ya ng'ombe na nyumbu, njaa ikafuata, watu wakahama, vichaka vikarudi na mbung'o nao wakaenea na homa ya malale. Hata hivyo moto haukukoma. Mwindaji Mmarekani Stewart Edward White, aliyeingia kaskazini mwa Serengeti kwa miguu mwaka 1913 akitokea Kenya, aliandika kwamba alipita maili nyingi za nchi iliyoungua kabla ya kuiona miti ya kijani ya Mto Bologonja. Na serikali ya kikoloni iliyowakemea Waafrika kwa kuchoma, yenyewe ilitumia moto ilipoona unafaa: katika miaka ya 1920 ofisa wake Charles Swynnerton aliongoza wananchi wa Shinyanga kuchoma nyasi kwa mpangilio ili kuua vichaka vya mbung'o. Tangu mwanzo ugomvi haukuwa juu ya moto wenyewe. Ulikuwa juu ya nani ana haki ya kuuwasha.

Lakini ushahidi wenye nguvu kuliko wote haukutoka kwa mtaalamu wa moto. Ulitoka kwa madaktari wa mifugo. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe wanaozunguka Serengeti walichanjwa dhidi ya sotoka, katika kipindi ambacho Walter Plowright alikuwa akitengeneza chanjo bora zaidi huko Muguga nchini Kenya. Ng'ombe walipopona, ugonjwa ukakatika pia kwa wanyamapori karibu na mwaka 1963, kwa sababu nyumbu walikuwa wakiambukizwa na ng'ombe. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa kuwa karibu 250,000. Kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Midomo milioni moja ya ziada ilikula nyasi ambazo zamani zingebaki kukauka, na eneo linaloungua kila mwaka likapungua kwa karibu nusu kufikia mwaka 1980. Moto ulipopungua, miche ya migunga iliyokuwa imekwama chini ikainuka, na miti ikaongezeka. Ricardo Holdo, Anthony Sinclair na wenzao walipokusanya takwimu hizo zote na kuzichapisha mwaka 2009, walihitimisha kuwa kutoweka kwa sotoka kuliigeuza Serengeti kutoka mbuga inayotoa hewa ukaa kuwa mbuga inayoihifadhi.

Tuzingatie maana ya jambo hilo. Katika historia ya Serengeti inayojulikana, hakuna amri, doria wala faini iliyopunguza moto kwa kiasi hicho. Sindano ya ng'ombe ndiyo iliyoweza, kwa sababu iliongeza walaji na kupunguza nyasi kavu. Hii haina maana kwamba kila kitu hurudi chenyewe ukishagusa nyasi. Holly Dublin na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba upande wa Maasai Mara, moto wa miaka ya 1960 ulipoangusha miti, tembo walikuja kula kila mche uliochipua na kuifanya nchi ibaki wazi hata moto ulipopungua. Moto unaweza kuivusha ardhi hadi hali ambayo kuirudisha nyuma ni kazi ya vizazi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuuwahi moto mkali kabla haujatokea, badala ya kuhesabu waliokamatwa baada ya kutokea.

Leo mambo yamegeuka kwa namna ambayo sera zetu bado hazijaifuata. Watu wamekuwa wengi: sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Mara na watu zaidi ya milioni 2.3, kutoka takribani milioni 1.7 mwaka 2012. Mashamba yamepanuka na malisho yamesinyaa. James Probert na wenzake, waliochunguza picha za setilaiti za mfumo mzima wa Serengeti na Mara kuanzia mwaka 2001 hadi 2014, waligundua kuwa eneo linaloungua limekuwa likipungua, na sababu kubwa waliyoiona ni kuongezeka kwa mifugo, siyo mvua. Mwaka huo huo wa 2019 ambao matokeo hayo yalichapishwa, Michiel Veldhuis na wenzake walionyesha katika jarida la Science kuwa shinikizo la pembezoni limewabana wanyama katikati ya hifadhi, na huko katikati nyasi na moto vimepungua na uwezo wa udongo kuhifadhi kaboni umedhoofika. Kwa hiyo anayesema kuwa tatizo la Mara ni moto kuzidi kila mahali hajaangalia ushahidi. Katika ardhi ya vijiji vingi tatizo ni nyasi kutokuwapo. Nyasi zimebaki upande mmoja wa mpaka, na ng'ombe wako upande wa pili.

Hapo ndipo moto wa mpakani unapozaliwa. Katika kata kama Nyanungu, Gorong'a na Kwihancha upande wa Tarime, na katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi au na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, mgogoro wa mpaka na wa mifugo kukamatwa ni wa miaka mingi. Mfugaji anayejua kwamba majani machanga huota nyuma ya moto ana sababu ya kuchoma. Anayejua pia kwamba akionekana atakamatwa ana sababu ya kuchoma usiku, peke yake, bila kumwambia jirani, na kuondoka mara tu nyasi zinaposhika. Atachagua kiangazi kikali, wakati moto hauhitaji mtu wa kuuangalia. Marufuku ya jumla haijamwondoa mchomaji huyo. Imemwondoa mwenzake mwaminifu, yule ambaye angechoma Juni mbele ya majirani, akiwa na matawi mabichi na maji mkononi, akianzia upande unaopingana na upepo ili moto urudi nyuma polepole. Tumezuia moto salama na kubaki na wa hatari.

Kinachopaswa kufanyika kinajulikana na hakihitaji mitambo. Kwanza, vikao vya Aprili na Mei, kabla nyasi hazijakauka. Wakae serikali za vijiji vya mpakani, kamati za maliasili, wazee wa mila na, kwa Wakurya, iritongo, baraza lao la jadi ambalo watu wanaliheshimu hata pale wasipoiheshimu barua ya ofisi. Wakae na TANAPA, na TAWA kwa mapori ya akiba, na Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona yenye vijiji kama Robanda, na maofisa mifugo wa halmashauri zote mbili. Mbele yao iwepo ramani iliyogawa eneo vipande vipande: hiki kina nyasi nyingi na kitachomwa wiki fulani, hiki kimeliwa na hakina cha kuungua, hiki kiliungua mwaka jana na kitapumzika. Pili, ukanda wa mpakani uchomwe mapema kutoka pande zote mbili, kwa siku zilizotangazwa misikitini, makanisani na minadani, na vijana wa vijiji walipwe ujira wa siku kwa kufyeka barabara za moto na kuulinda moto mpaka uzimike. Tatu, iwepo orodha ya mahali pasipochomwa kamwe: vyanzo vya maji, misitu ya kando ya Mto Mara na Mto Grumeti, na malisho yaliyoliwa mpaka udongo ukaonekana, ambako kuchoma ni kuukaribisha mmomonyoko.

Sheria haizuii hayo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka masharti ya kuchoma uoto, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inavipa vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kinachokosekana ni kibali cha pamoja kinachotolewa mapema kwa kijiji kizima kufuatana na kalenda, badala ya kumtaka kila mwananchi apande gari hadi ofisi ya wilaya kuomba ruhusa ya kuchoma ekari mbili. Kusini mwa nchi jambo hili lina mfano: wilayani Kilwa, vijiji vinavyomiliki misitu ya mpingo vimetumia uchomaji wa mapema, kwa msaada wa shirika la MCDI, ili kuukinga msitu dhidi ya moto wa mwisho wa kiangazi. Wanakijiji waliofanya hivyo hawakugeuka wahalifu. Waligeuka zimamoto wa msitu wao.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili majibu. Ya kwanza ni ya mazingira: katika zama hizi za joto la dunia, inawezekanaje kuhimiza moshi? Jibu ni kwamba mbuga yenye mvua ya zaidi ya milimita 1,000 na kiangazi kirefu itaungua. Uamuzi ulio mikononi mwetu ni iungue lini. Kaskazini mwa Australia, katika mradi wa Arnhem Magharibi ulioanza mwaka 2006, wenyeji wa asili walirudisha uchomaji wa mwanzo wa kiangazi, na kwa kuwa moto huo huunguza eneo dogo na kiasi kidogo cha majani kuliko ule wa mwisho wa kiangazi, utoaji wa methani na oksidi ya naitrojeni ulipungua, na wenyeji wakalipwa kwa punguzo hilo. Wamarekani walijaribu njia ya pili. Kuanzia mwaka 1935 idara yao ya misitu iliagiza kila moto uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Kuni zikarundikana misituni kwa miongo, na leo wataalamu wao wenyewe wanarudisha moto wa kupangwa katika misitu ambayo zamani iliungua mara kwa mara. Nchi tajiri yenye ndege za kumwaga maji ilishindwa na majani yaliyolundikana. Sisi hatuna ndege hizo.

Hoja ya pili ni ya usalama. Watu watauliza: na Kilimanjaro je? Oktoba 2020 moto uliteketeza karibu kilomita za mraba 95 za mlima ule, na Oktoba 2022 ukarudi. Hoja hiyo ni ya kweli, nayo inaunga mkono ninachosema. Uoto wa juu wa Kilimanjaro hauna nyasi za kuchipua baada ya wiki mbili. Una vichaka na miti inayokua taratibu na kunasa maji ya ukungu, na moto huko ni hasara tupu. Elimu ya moto haisemi moto ni mzuri. Inasema kila ardhi ina moto wake, na ipo isiyofaa kuungua. Tena tazama tarehe: Oktoba. Afrika Kusini nayo, moto wa Septemba 2001 katika Hifadhi ya Kruger uliua watu zaidi ya 20, wengi wao wakata nyasi. Ni hifadhi ambayo imekuwa na majaribio ya kisayansi ya uchomaji tangu mwaka 1954, na bado moto wa mwisho wa kiangazi uliwashinda. Anayeogopa moto ana kila sababu ya kutaka nyasi za mpakani ziwe zimeungua kwa upole kabla ya Agosti.

Hoja ya tatu hutoka kwa wahifadhi: ruhusa ya kuchoma itakuwa mwavuli wa majangili na wavamizi wa hifadhi. Lakini leo moshi wowote ni wa kutiliwa shaka, kwa hiyo hakuna moshi unaotiliwa shaka kikweli. Kukiwa na kalenda, moto wa Jumatano katika kipande kilichotangazwa unajulikana ni wa nani. Moto wa Jumapili usiku katika kipande kisichotangazwa ni wa mhalifu, na wa kwanza kumtaja watakuwa majirani walioharibiwa mpango wao. Setilaiti zinazoonyesha siku na mahali moto ulipowaka zimekuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini. Hifadhi na halmashauri zipimwe kwa takwimu hiyo: katika eneo lote lililoungua mwaka huu, ni sehemu gani iliungua kabla ya mwisho wa Julai? Hicho ni kipimo kinachofaa kuliko idadi ya waliofikishwa mahakamani.

Hoja ya nne ni ya mfugaji, na ndiyo nzito. Atasema: mnazungumzia kuchoma nyasi, mimi sina nyasi. Ni kweli, na kalenda isiyomjibu huyu itakufa mwaka wa kwanza. Kwa kijiji kilichomaliza malisho, moto siyo dawa. Hata kupe huuawa vizuri zaidi na josho linalofanya kazi. Kijiji hicho kinahitaji kutenga sehemu ya ardhi isilishwe masika, nyasi zikue, zikatwe na kuhifadhiwa au zilishwe kiangazi kwa zamu. Wasukuma huuita utaratibu huo ngitili, na mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulithibitisha kuwa ardhi iliyokuwa kipara inaweza kurudi kwa njia hiyo. Isitoshe, ukanda wa mpakani ulio ndani ya hifadhi una nyasi nyingi ambazo kila mwaka huungua bure. Itazamwe kisheria kama wanavijiji wanaweza kuruhusiwa kuzikata kwa mikono, kwa siku maalumu na chini ya uangalizi, bila kuingiza ng'ombe. Kila mzigo wa nyasi uliokatwa ni moto uliopunguzwa na ng'ombe aliyeshiba nje ya mpaka. Hatua hiyo moja ingepunguza uhasama kuliko mikutano mingi ya ujirani mwema.

Mwisho wapo wanaosema mvua siku hizi hazitabiriki, kalenda itafaa nini? Ndiyo maana kalenda isifuate tarehe; ifuate nyasi. Masika yakirefuka, uchomaji usogee mbele. Yakikatika mapema, uanze mapema. Mwaka wa ukame usio na nyasi, kusichomwe kitu. Uamuzi huo hauwezi kufanywa Dodoma wala Arusha. Unafanywa na mtu anayeweza kutoka nje, kushika nyasi, kuikunja na kuona kama inavunjika au inapinda. Watu hao wamejaa Tarime na Serengeti, nao wamekuwa wakitazamwa kama washukiwa kwa muda mrefu mno.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na sayansi ya Serengeti imeongeza sharti: uwe wa mapema, uwe mdogo, na uwe wa wote. Wakuu wa wilaya hizi mbili, uongozi wa hifadhi na wenyeviti wa vijiji vya mpakani hawana haja ya kusubiri sheria mpya wala mfadhili. Waitane kabla masika yajayo hayajakatika, waweke ramani mezani, wakubaliane kipande cha kwanza cha kuchoma, cha kukata na cha kuacha. Wasipofanya hivyo, Septemba itawapangia.